Kijana Hakufungua Zile Picha



Ndugu zangu na dada zangu, maneno haya niliyasema Kilifi mjini mbele ya vijana kama arubaini, na wengi wenu mkaniandikia mkitaka niyaweke hapa, maanake siku ile stima zilipotea katikati na waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Waliokuwako watanisamehe kama nimeongeza mawili matatu.

Nianze na kisa cha kwetu nyumbani. Ami yangu mmoja yuko Malindi, mtaa wa Maweni. Yeye hununua samaki kwa wavuvi na kupeleka Mombasa, na hesabu zake huziweka kwenye kompyuta ya mezani, ya mtumba, iliyo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kompyuta hiyo moja yatumiwa na nyumba nzima. Ami na hesabu zake. Binti yake, aliyemaliza chuo na anatafuta kazi Doha. Na mdogo wao wa mwisho, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa, kijana mpole ambaye hata ukimkanyaga mguu yeye ndiye ataomba msamaha.

Jioni moja baada ya Magharibi, Ami alikaa na wazee wawili wa kamati ya madrasa. Alitaka kuwaonyesha bei za mabati. Akafungua brauza, lile dirisha la kuingilia mtandaoni, na kabla hajaandika herufi moja, chini upande wa kulia kikachomoza kijisanduku chenye picha ya mwanamke ambaye siwezi kuwaeleza alivyovaa, maanake hakuvaa. Ami akakifunga. Kikaja kingine. Akafunga. Ukurasa mzima ukajifungua wenyewe, na huo ulikuwa mbaya kuliko vile vijisanduku.

Mzee mmoja akaanza kutazama dari. Mwenzake akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

Sasa nyinyi niambieni, nani alilaumiwa? Hakuulizwa mama, hakuulizwa dada mtu. Aliitwa kijana. Akakana. Akaapa. Baba yake akasema, juu ya uchafu unaongeza na kiapo cha uongo. Sitawaambia yote yaliyotokea usiku ule, ni mambo ya nyumba ya watu. Itoshe kwamba asubuhi kijana hakwenda shule. Alipanda gari la Mambrui akaenda kwa nyanya yake, akalala huko siku tatu, na zilikuwa siku za mitihani.

Khale, mama yake, ndiye aliyenipigia simu. "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Njoo utazame, kabla sijapoteza mtoto." Mimi nina diploma ya kompyuta, si injinia, lakini nikaenda siku ya Alhamisi.

Nitawaambia nilichokikuta, maanake najua humu kuna nyumba kumi zenye kompyuta kama ile.

La kwanza, ukurasa wa mwanzo haukuwa ule wa kawaida. Ulikuwa na jina la injini ya kutafutia ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyeisikia. La pili, ukiandika neno la kutafuta, linazunguka kwanza, unaona anwani mbili tatu zikipita mbio pale juu, ndipo majibu yaje, na majibu ya mwanzo yote ni matangazo. La tatu, vile vijisanduku. Chengine kilikuwa kinasema kompyuta ina virusi, bonyeza hapa usafishe. Huo ni uongo. Tovuti haiwezi kukagua diski yako kutoka huko iliko ikahesabu virusi vyako. La nne, nilipojaribu kurudisha Google, ikakubali, nikafunga, nikafungua, ikawa imerudi kule kule.

Huku ndiko kutekwa nyara kwa brauza. Kompyuta ni yako, umeme unalipa wewe, bando unanunua wewe, lakini usukani ameshika mwengine.

Kabla sijagusa kitu nikafungua historia ya brauza. Ami alikuwa amekwisha kuifungua kabla yangu, na huko ndiko alikopata ushahidi wake: kurasa chafu, nyingi, zimejipanga. Lakini Ami alisoma majina, hakusoma saa. Mimi nikasoma saa. Jumanne, saa tano kasorobo asubuhi. Jumatano, saa nne na nusu. Alhamisi, saa saba mchana. Kijana yuko darasani saa hizo zote, daftari la mahudhurio lipo. Aliyekuwa mbele ya kompyuta saa hizo ni dada yake anaandika barua za kazi, na yeye alikuwa anaona kurasa zinaruka, anazifunga haraka kwa aibu, na hakumwambia mtu. Na nyengine zilifunguka tano ndani ya sekunde moja. Mkono wa binadamu haubonyezi hivyo.

Nikapiga picha skrini kwa simu yangu. Hili nalisisitiza: ukikuta mambo kama haya, piga picha kwanza, kisha ndio usafishe. Ukishafuta, ushahidi umekwenda, na huenda kuna mtu jina lake limo humo.

Kisha nikaingia kwenye orodha ya programu zilizowekwa, nikaipanga kwa tarehe. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokaa kimya.

Miezi mitano nyuma, Ami aliniomba programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu. Halali yake ni ya kulipia. Mimi nilikuwa nayo kwenye flashi, ya kuvunjwa kufuli, tuliyopeana chuoni. Na hizi za kuvunjwa karibu zote zina maelezo yanayosema: kabla ya kuweka, zima kinga ya virusi, la sivyo haitafanya kazi. Nikaizima. Nikaweka. Tukanywa chai ya tangawizi, nikaondoka zangu. Sikuiwasha tena ile kinga. Miezi mitano nyumba ya Ami yangu imelala mlango wazi, na aliyeacha wazi ni mimi.

Na ile programu ya kuvunja kufuli haikuja peke yake. Siku ile ile, dakika ile ile, kulikuwa na vitu viwili vyengine vyenye majina ya ovyo. Mwizi hakupi kitu cha bure kwa mapenzi ya Mungu.

Kisha miezi mitatu baadaye, dada mtu alitaka kugeuza vyeti vyake viwe PDF. Akatafuta, akabonyeza jibu la kwanza, ambalo lilikuwa tangazo, akapakua kigeuzi cha bure. Wakati wa kuweka akabonyeza endelea, endelea, endelea, kama tunavyofanya sote. Mle ndani kulikuwa na vijisanduku vidogo vilivyotiwa alama tayari: nakubali ubadilishe ukurasa wangu wa mwanzo, nakubali uniwekee msaidizi wa kutafuta. Kisha tovuti moja ikamwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabonyeza. Ile "Ruhusu" haihusiani na roboti hata kidogo. Ni ruhusa ya tovuti kukutumia arifa, na toka siku hiyo inakurushia matangazo pembeni ya skrini hata ukiwa hukuifungua. Zile picha walizoziona wazee wa kamati zilitoka hapo. Hakuna aliyezitafuta.

Mtaniuliza, anafaidika nini mtu aliyeko huko mbali kwa kompyuta ya muuza samaki wa Maweni? Anafaidika. Kila unapotafuta kitu kupitia injini yake, kuna kampuni za matangazo zinazomlipa senti. Kila ukurasa unaojifungua, senti. Historia yako ya mtandaoni, yaani unatafuta nini, unaumwa nini, unaenda wapi, nayo inauzwa. Senti ya nyumba moja ni upuzi, lakini wao hawahesabu nyumba moja. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza habari za kitu kilichoitwa Fireball, kilichosambazwa na kampuni ya matangazo ya Beijing kwa kujibanza ndani ya programu za bure. Kazi yake ilikuwa hii hii, kuteka brauza na kubadilisha injini ya kutafutia. Check Point walikadiria kompyuta milioni 250 duniani. Microsoft wakasema hesabu hiyo imekuzwa. Hata ukikata nusu, na nusu tena, ni mali nyingi.

Na usidhani ukinunua mpya dukani umepona. Februari 2015 iligundulika kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo zilikuwa zinatoka kiwandani na programu inayoitwa Superfish ndani yake. Ilikuwa inachomeka matangazo kwenye kurasa, na ili iweze, ilikaa katikati ya mtu na tovuti zake hata zile zenye kufuli, benki pia. Mnunuzi alitoa pesa zake halali, na mgeni yumo ndani tayari.

Turudi Maweni. Nilivyosafisha ni hivi, na mnaweza kufuata nyumbani.

Nilichomoa waya wa intaneti kwanza. Nikaondoa zile programu zenye tarehe za mashaka, pamoja na ile niliyoileta mimi. Hapo watu wengi huacha, na kesho yake ugonjwa unarudi, kwa sababu kiota kimo ndani ya brauza yenyewe. Fungua Chrome, utaona karibu na pale pa kuandikia anwani kuna kapicha kama kipande cha mchezo wa kuunganisha picha. Hapo ndipo viendelezi vinapokaa, zile programu ndogo ndogo zinazopanda juu ya brauza. Kwa Ami kulikuwa na saba. Nikamuuliza dada mtu, hivi gani wavijua? Akajua kimoja. Bonyeza kila kimoja usome ruhusa zake. Kikiwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako katika tovuti zote, basi kifahamu vizuri hicho: kinaona unachoandika kwenye eCitizen, kwenye HELB, kwenye barua pepe, kwenye benki. Kuna viendelezi vyema vinavyohitaji ruhusa hiyo kwa kazi yake. Kigeuzi cha PDF hakihitaji.

Halafu nikaenda kwenye setingi, sehemu ya faragha, kwenye arifa za tovuti. Tovuti thelathini na kitu zilikuwa zimeruhusiwa. Nikazifuta zote. Nikarudisha injini ya kutafutia na ukurasa wa mwanzo.

Sasa kuna ujanja mmoja ambao ulinichelewesha karibu saa nzima. Ile alama ya Chrome pale kwenye uso wa kompyuta, ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi na kutazama sifa zake, utaona njia inayoelekeza kwenye programu. Inatakiwa iishie na .exe na alama ya kufunga nukuu. Ya Ami ilikuwa na anwani ya tovuti imeunganishwa nyuma yake, kama kupe nyuma ya sikio la ng'ombe. Kwa hivyo kila ukifungua Chrome inafungua na ile tovuti, hata usafishe ndani vipi. Nikaifuta ile alama nikaweka mpya. Na ukiona brauza inakuambia "inasimamiwa na shirika lako" na hiyo ni kompyuta ya nyumbani, jua kuna aliyejipa cheo cha shirika, na huyo anataka kung'olewa kwenye sera za Windows. Kama hujawahi kufanya hivyo, tafuta anayejua, usibahatishe.

Jengine: kama umeingia kwenye Chrome kwa akaunti yako ya Google na umewasha kusawazisha, kile kiendelezi unachokifuta hapa kinaweza kurudi kutoka kwenye akaunti, au kikatokea kwenye laptopu yako ya pili. Zima kusawazisha kwanza, safisha kila mashine, ndipo uwashe.

Mwisho nikawasha kinga ya Windows, ile niliyoizima mimi, nikaendesha ule ukaguzi unaofanyika kompyuta ikiwa imejizima na kujiwasha kabla Windows haijasimama. Baada ya hapo nikaendesha AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure na unaipata kwenye tovuti yao wenyewe. Nasema yao wenyewe. Ukitafuta jina lake ukabonyeza tangazo la juu, utakuwa umerudi kwa yule yule.

Hapo ilikuwa saa kumi jioni na mimi nilidhani tumemaliza. Nikamwambia dada mtu abadilishe maneno yake ya siri, lakini afanye hivyo kwa simu yake, si kwa ile kompyuta, na aanze na barua pepe kwa sababu ndiyo ufunguo wa akaunti zote nyengine. Akafungua akaunti yake. Nikamwambia tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Kulikuwa na kompyuta moja isiyokuwa ya nyumbani kwao, katika mji ambao hajawahi kukanyaga. Tukatazama setingi za barua: kila barua inayoingia ilikuwa inatumwa nakala kwenye anwani asiyoijua.

Nataka mfahamu jinsi inavyowezekana, maanake alikuwa anauliza, "neno langu la siri sijampa mtu." Hukuhitaji kumpa. Ukishaingia kwenye akaunti, brauza inahifadhi kijikaratasi cha utambulisho, ndiyo sababu huulizwi neno la siri kila mara. Programu ya wizi ikikiiba kile kijikaratasi, mwizi anaingia kama wewe, bila neno la siri wala kodi ya simu. Ndiyo maana kubadilisha neno la siri peke yake hakutoshi. Ni lazima utoe vifaa vyote nje ya akaunti, ufute barua za kupelekwa kwengine, kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Tukiwa pale pale, dada mtu akanyamaza, akatoa simu akanionyesha ujumbe wa WhatsApp. Mtu aliyejiita wakala alikuwa amemwandikia siku mbili nyuma. Alijua jina lake kamili, namba ya pasipoti, na kazi aliyoomba. Alimtaka shilingi 23,500 za kugonga muhuri wa viza kabla ya Ijumaa. Yeye aliamini, maanake nani mwengine angejua namba ya pasipoti? Mama yake alikuwa amekwisha kutoa bangili mbili za dhahabu ziuzwe kesho yake asubuhi.

Basi zile picha chafu zilizomfukuza mdogo wake nyumbani ndizo zilizotushtua tukaona wizi wenyewe. Zisingejitokeza, pesa zingekwenda.

Niliyomwambia afanye: asimjibu, ahifadhi ujumbe, apige picha, aende kwa waajiri kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao, aulize kama kuna malipo yoyote. Hakukuwa na malipo. Akaripoti polisi akapewa namba ya OB, ili ikitokea pasipoti yake imetumiwa na mtu, kuna karatasi inayosema lini iliibiwa nakala.

Sasa nitoke Malindi kidogo, kwa sababu mtu anaweza kusema mimi sina kompyuta, mimi nina simu tu. Haya. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard walieleza kwamba apu ya Muslim Pro, ya nyakati za swala na kibla, iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa inapeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode, na X-Mode ilikuwa na wateja wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Muslim Pro wakatangaza kwamba wamekata uhusiano na kampuni hiyo. Machi 2022 Google ikaondoa apu kadhaa dukani kwake kwa sababu ya kipande cha kodi kilichokuwa kinakusanya data kimyakimya. Mbili kati yake zilikuwa za adhana na kibla. Sikuambieni mtupe apu za swala. Nakuambieni: apu ya adhana inahitaji kujua uko mji gani ili ikupe saa. Haihitaji kufuatana nawe kila dakika, wala kuona majina ya watu kwenye simu yako. Ingia kwenye ruhusa, iambie itumie mahali ulipo ukiwa umeifungua tu, au andika Kilifi kwa mkono. Jua la Kilifi haliondoki.

Na kuna upelelezi wa aina nyengine kabisa, nao msiuchanganye na huu wa matangazo. Tarehe 2 Mei 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakihusishwa na filamu ya BBC ya mauaji ya waandamanaji Bungeni Juni 2024. BBC walisema watu hao hawakuhusika na filamu hiyo. Vifaa vyao vilichukuliwa na polisi, vikarudishwa Julai. Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto wakazikagua simu, wakakuta kwenye mbili FlexiSPY, programu inayouzwa waziwazi mtandaoni, inayoweza kusoma ujumbe na kusikiliza simu. Kwa mujibu wa uchunguzi huo iliwekwa tarehe 21 Mei, wakati simu ziko mikononi mwa polisi.

Tofauti yake ni hii. Mtekaji wa brauza anavua kwa jarife, hajui wewe ni nani. Huyu wa pili anavua kwa ndoana, na anakutaka wewe. Wa kwanza unaweza kumfukuza mwenyewe sebuleni. Wa pili, usisafishe. Kama simu yako imekaa kwa watu ikarudi, na una sababu ya kuogopa, izime, usiifute, mwone wakili, na tafuta wataalamu. Access Now wana msaada wa usalama wa kidijitali kwa wanaharakati na waandishi, bila malipo, saa 24. Ukiifuta umemsaidia aliyeiweka.

Mtu akaniuliza Kilifi, na mume akimwekea mkewe programu kama hiyo? Palikuwa na kicheko, kisha kina dada wakaacha kucheka. Jibu ni kwamba Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inasema kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa ni faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Haikuandikwa isipokuwa mume. Wala isipokuwa mchumba anayetaka kuhakikisha.

Mambo mawili ya haraka kabla sijarudi kwa Ami. Programu ya kuandikia na kupiga hesabu unaweza kuipata bure na kwa halali, inaitwa LibreOffice, inafungua faili zile zile. Laiti ningemwekea hiyo. Na kompyuta nyingi za mtumba tunazouziwa huku zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa uliyejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa. Mashine isiyobeba Windows 11 inaweza kubeba Linux Mint vizuri tu.

Ami alirudi kutoka gatini baada ya Isha, nguo zinanuka samaki. Nilikuwa nimekaa namngoja. Nikamwamkia, nikampa simu yangu na zile picha, nikamwonyesha saa. Jumanne, saa tano kasorobo. Akavaa miwani. Akasoma moja moja, polepole, kama anavyosoma hesabu za wavuvi.

Nikamwambia, "Ami, si yeye. Na mlango niliuacha wazi mimi, na ile flashi."

Hakuniambia kitu kwa muda mrefu. Aya ya 12 ya Sura ya al-Hujurat, ile inayokataza dhana na kupeleleza watu, huyu mzee ndiye aliyenifundisha mimi nikiwa mdogo, kwenye mkeka, na kijiti mkononi. Sikumkumbusha. Hakuna haja ya kumkumbusha mtu kitu alichokufundisha.

Mwishowe akauliza, "Gari la mwisho la Mambrui laondoka saa ngapi?" Nikamwambia limekwisha kuondoka. Akaenda na bodaboda, usiku ule ule. Alivyozungumza na mwanawe sijui, sikuwepo na sikuuliza. Wale wazee wawili wa kamati nao aliwaendea, mmoja mmoja nyumbani kwake, akawaeleza. Hilo lilimgharimu kuliko la mwanawe, nafikiri.

Kijana amerudi shule. Mtihani mmoja wa hesabu ulimpita na mwalimu amekubali aurudie. Ile kompyuta sasa kila mtu ana akaunti yake ndani, na hakuna mwenye mamlaka ya kuweka programu mpya isipokuwa kwa neno la siri ambalo anayo Khale. Alilichagua mwenyewe, na hata mimi amekataa kuniambia, amesema mimi ndiye wa mwisho kuaminiwa. Ana haki.

Jumamosi baada ya Alasiri mimi na vijana watatu wa Malindi tutakuwa Kilifi mahali pale pale tulipokutana, tuzitazame mashine zenu bila malipo. Usifute chochote kabla hujaja, na usije na neno lako la siri limeandikwa kwenye karatasi, hatulitaki. Wenye kompyuta za mezani, leteni na waya wa umeme. Mara iliyopita watu watatu walikuja bila waya, na mmoja alitoka Gongoni.